Kuitwa kwenye juri ya kesi ya mauaji isiyo na shahidi wa macho

Dada, unasema umeitwa kwenye juri huko Australia, yaani kundi la raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, kesi ya mauaji, na jamaa zako wanakuambia kwamba pasipo aliyeona kwa macho huwezi kumtia mtu hatiani. Si kweli. Ushahidi wa kimazingira, yaani dalili zinazoelekeza kwenye tukio bila mtu kuliona, unatosha kisheria, mradi vipande vyote vikiunganishwa visiache maelezo mengine ya maana isipokuwa hatia.

Hatari iko kwenye vipande vyenyewe. Hukohuko, Agosti 1980, mtoto Azaria Chamberlain, wa wiki 9, alitoweka kambini karibu na Uluru, mwamba mkubwa wa katikati ya nchi. Mama yake, Lindy, alisema amechukuliwa na dingo, mbwa mwitu wa huko. Maiti haikupatikana. Watu wakamsema nchi nzima: mbona halii kwenye televisheni? Mtaalamu akaiambia juri kuwa garini kulikuwa na damu ya mtoto mchanga, na mwaka 1982 Lindy akahukumiwa kifungo cha maisha. Baadaye ikabainika kwamba yale matone chini ya dashibodi yalikuwa dawa ya kupunguza kelele, iliyopulizwa gari lilipotengenezwa! Koti la mtoto, ambalo Lindy alisisitiza tangu mwanzo kuwa alikuwa amelivaa, lilipatikana 1986, hukumu ikafutwa 1988, na mwaka 2012 mchunguzi wa vifo akathibitisha kuwa ni dingo.

Kwa hiyo mtaalamu msikilize kwa makini zaidi: alipima nini hasa, na kingeweza kuwa kitu gani kingine? Mkikwama, mwandikieni jaji swali. Na tafadhali, ukishaapishwa usituandikie habari za kesi hiyo wala usiitafute mtandaoni. Unaweza kuivuruga kesi nzima na kushtakiwa wewe mwenyewe.