Mwaka wa kwanza wa MMed ya dharura: acha kwanza mazoea ya wodini

Mkuu, umeuliza mwaka wa kwanza wa MMed (shahada ya uzamili ya udaktari) ya tiba ya dharura unakuwaje, na usome nini kabla ya kuripoti, kwa kuwa unatoka hospitali ya wilaya. Nazungumzia zaidi programu ya MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Dar es Salaam. Ilianza 2010, mwaka uleule ilipofunguliwa idara ya dharura ya Muhimbili, na mabingwa wake wa kwanza walihitimu 2013. Ni ya miaka 3. Za nchi jirani zinaweza kutofautiana kwa muda, ila kazi ya kitandani ni ileile.

Wanaohangaika miezi ya mwanzo si kwamba hawajui magonjwa. Tatizo ni mazoea ya wodini: kuchukua historia, kupima mwili, kuagiza vipimo, halafu ndiyo dawa. Dharura huendi hivyo. Unaanza na njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha unamvua nguo umwangalie mwili mzima mpaka mgongoni. Ukikuta tatizo kwenye hatua yoyote, unalitibu palepale ndipo usonge mbele. Rezidenti (daktari anayesomea ubingwa) mpya anasikia kifua upande mmoja hakiingizi hewa, anakiandika, anaendelea kuuliza historia ya familia. Presha ikishashuka ndipo anakumbuka kwamba hewa iliyonaswa kifuani ilitakiwa itolewe muda ule.

Kabla ya yote, jifunze kuhesabu pumzi. Nasema bila utani. Pitia faili za triaji (kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao) za hospitali nyingi utakuta kila mgonjwa anapumua mara 20 kwa dakika, mzee, kijana, mwenye pumu, wote 20. Hiyo si namba, ni mhuri. Chukua mfumo wa rangi wa Afrika Kusini unaotumika sehemu nyingi barani: mtu mzima anayetembea, mwenye mapigo 115, vingine vyote vikiwa sawa, akiandikiwa pumzi 20 anapata alama 3, yaani njano, anaweza kusubiri hadi saa nzima. Kama kweli alikuwa anapumua mara 32, alama zake ni 5, rangi ya chungwa, aonwe ndani ya dakika 10. Mgonjwa yuleyule. Hesabu dakika kamili, ukiwa umeshika mkono wake kama unapima mapigo ili asijue unahesabu pumzi.

Sukari nayo ipimwe kwa kila aliyepungukiwa fahamu, anayedegedeka au anayeonekana kama mlevi. Wengine hushuku malaria kali au kiharusi, wakakisahau kipimo cha dakika moja. Mtoto anapewa dextrose (maji ya sukari ya mshipani) ya 10%, ml 5 kwa kila kilo. Mara nyingi utakayoikuta kabatini ni ya 50% tu, basi vuta ml 10 zake, ongeza ml 40 za maji ya sindano, unapata ml 50 za 10%. Ukimpa ile ya 50% ilivyo, unaunguza mshipa, na ikivuja nje yake nyama inaweza kuoza.

Sasa tuje kwenye kutia mpira wa hewa, kwa sababu ndiko watu wanakoota wang'are. Kuupitisha mpira kwenye koo ni sehemu ndogo ya kazi. Wengi wa wanaozorota, wanazorota dakika tano zinazofuata kwa sababu presha ilikuwa chini tangu mwanzo na hakuna aliyeiinua kwanza. Mgonjwa mwenye mshtuko, yaani damu haifiki viungoni vya kutosha: anza na majimaji au damu kulingana na chanzo, oksijeni ya kutosha angalau dakika 3, halafu ketamine, dawa ya usingizi, kwa nusu ya kipimo cha kawaida. Kama kawaida ni mg 1 hadi 2 kwa kilo, huyu anza na 0.5 hadi 1. Dawa ya kulegeza misuli usiipunguze, maana damu inazunguka polepole na inachelewa kufika. Kabla hujamgusa, washa taa ya laringoskopu, kifaa cha kuonea koo, uione inawaka, vuta kwa mashine ya kufyonza uone inafyonza, angalia geji ya mtungi wa oksijeni. Kumbuka pia mashine ya kuzalisha oksijeni ya lita 5 haiwezi kulisha barakoa yenye mfuko, inayotaka lita 10 hadi 15. Mfuko ukinywea kila akivuta pumzi, ujue hapati unachodhani anapata.

Na adrenaline ya dharura, ya kuinua presha, iwe imeshatengenezwa pembeni. Ampuli yetu ni mg 1 kwenye ml 1. Ivute kwenye bomba la ml 10, jaza salaini hadi 10. Sasa kila ml ina mikrogramu 100. Tupa ml 9 ubaki na 1, jaza tena salaini hadi 10. Sasa kila ml ina mikrogramu 10. Presha ikidondoka unasukuma ml 0.5 hadi 2, unasubiri, unapima, unaweza kurudia baada ya dakika 2 hadi 5. Kosa linaloua hapa ni kuishia hatua ya kwanza ukadhani umemaliza: unampa mara kumi ya ulichokusudia. Lingine ni bomba lisilo na jina. Salaini haina rangi, adrenaline haina rangi, na atakayelikuta pale mezani atasafishia nalo kanyula, yaani mrija wa mshipani. Andika jina na nguvu yake kabla bomba halijatoka mkononi mwako. Kwa mzio mkali usiende huko kabisa: kwa mtu mzima ni mg 0.5 kwenye msuli wa paja, ampuli ilivyo, bila kuchanganya.

Watoto wenye homa kali na miguu ya baridi watakushawishi uwafungulie dripu kwa kasi. Utafiti wa FEAST uliochapishwa 2011, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141, ulisimamishwa mapema: waliopewa majimaji ya haraka walifariki zaidi ndani ya saa 48, takriban 10.5% dhidi ya 7.3% ya wasiopewa. Wa kuhara hawakuwamo, kwa hiyo usije ukamnyima aliyekauka maji. Ila vitabu vingi utakavyosoma vimeandikwa kwa hospitali zenye ICU (chumba cha mahututi) ya watoto ghorofa ya juu. Visome ukijua hilo.

Ultrasaundi utaipenda, wote wanaipenda. Kwenye ajali unatafuta damu sehemu nne: kati ya ini na figo la kulia, kuzunguka bandama, kwenye moyo kupitia chini ya kifua, na nyuma ya kibofu. Upande wa bandama ndiko wanaoanza wanakosea, wanaweka proubu (kile kichwa cha mashine unachoshika) mbele mno. Ishushe mpaka vifundo vya vidole vyako viguse godoro, na uisogeze juu zaidi ya unavyodhani, kwa sababu damu hujikusanya kati ya bandama na kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Kibofu kiangalie kabla muuguzi hajaweka katheta, mpira wa mkojo. Kikishakuwa kitupu unapoteza dirisha lako. Na picha safi ya dakika ya kumi haimaanishi tumbo ni salama, rudia. Weka daftari la picha zako, 25 hadi 50 kwa kila aina, na mtu wa kuzikagua. Picha zisizokaguliwa zinakujengea kujiamini tu.

Makabidhiano ya zamu yatakuumbua kuliko mitihani. "Kitanda cha 6 anasubiri CT" si makabidhiano. Sema anashukiwa nini, amepewa nini na saa ngapi, CT ikionyesha damu anapigiwa nani, isipoonyesha anafanyiwa nini. Simameni kitandani, msiongelee kwenye kompyuta: ndipo mnagundua dripu imeisha tangu alfajiri. Mwenye kibali cha kwenda wodini bado ni wako mpaka atoke mlangoni, na hao ndio wanaosahaulika.

Tasnifu: chagua swali dogo linalojibika kwa wagonjwa wanaoingia mlangoni kwenu kila wiki, na peleka pendekezo kwenye kamati ya maadili mapema. Anayesubiri mwaka wa tatu anakusanya data huku wenzake wanafanya mitihani.

Umeuliza pia stethoskopu gani ununue. Yoyote inayosikika. Hela inayobaki nunua saa yenye mshale wa sekunde na kalamu ya wino usiofutika, na usimwazime mtu.