Usisubiri Shingo Ivimbe

Kwetu Nyanda za Juu Kusini, goita tuliijua kwa macho: bibi mwenye uvimbe shingoni alikuwa mtu wa kawaida kijijini. Labda ndiyo maana mimi nilipougua hakuna aliyewaza thairoidi, tezi iliyo shingoni ambayo ikivimba ndiyo goita. Shingo yangu haikuvimba, na mpaka leo haijavimba.

Nilikuwa naamka nimechoka. Nikajifunika khanga kwa baridi katikati ya joto la Dar es Salaam. Choo kigumu, hedhi nzito, ngozi kavu, nywele zinabaki kwenye kitana, uzito unapanda ilhali chakula ni kilekile. Kila dalili ilipewa sababu yake: kazi, uzazi, upungufu wa damu. Hadi daktari mmoja alipozisikiliza zote kwa pamoja, akaagiza kipimo cha damu cha TSH, kinachoonyesha kama thairoidi inafanya kazi sawasawa.

Thairoidi hutoa homoni zinazoongoza kasi ya mwili mzima. Zikipungua, mwili hupoa na kuzubaa kama wangu. Zikizidi, moyo huenda mbio hata umekaa, mikono hutetemeka, jasho halikatiki, usingizi hauji, na wengine macho hutokeza. Mtu hukonda huku anakula vizuri, na mtaani huanza kunong'onwa mambo mazito juu yake. Inaniuma sana hiyo, kwa sababu ugonjwa huu unatibika.

Chumvi yenye madini joto iendelee kutumika nyumbani, inakinga goita inayoletwa na upungufu wa madini hayo. Lakini haiponyi ugonjwa kama wangu, ambapo kinga ya mwili ndiyo inayoishambulia tezi, na kujiongezea madini joto bila daktari kunaweza kuuzidisha.

Mimi natumia levothairoksini, kidonge cha kufidia homoni ya thairoidi iliyopungua: asubuhi, tumbo tupu, kwa maji, kisha nasubiri saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu navitenga nayo kwa saa 4. Dozi ikibadilishwa, kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Dada unayeitumia ukishika mimba, usiiache hata siku moja, wahi kliniki. Mara nyingi dozi huhitaji kuongezwa, maana miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni za mama.

Na wewe unayejitambua humu, ziandike dalili zako zote kwenye karatasi moja kabla ya kwenda hospitali. Kama mama, shangazi au dada yako aliwahi kuugua tezi hii, liandike na hilo.