Ekseli ya katikati itakayodumu

Pole sana kaka. Unasema baiskeli yako ya mbio inalia chini ukikanyaga pedeli, na fundi hapo Tabora mjini ameshabadilisha gololi za ekseli ya katikati, ile inayoshika mikono ya pedeli, mara mbili mwaka huu. Usirudie ya tatu. Vikombe vya gololi wazi haviuwezi mchanga wetu: ukichanganyika na grisi unakuwa msasa. Yangu niliifungua baada ya msimu mmoja wa mvua, grisi imekuwa nyeusi tii, na kwenye ekseli kuna vishimo ambavyo ukipitisha ukucha unavihisi. Hapo gololi mpya hazisaidii kitu.

Kama krenki yako (mikono ya pedeli) inakaa kwenye ncha za mraba za ekseli, nunua katriji iliyozibwa, yaani ekseli na beringi zake zikiwa kitu kimoja kilichofungwa, mfano ya kampuni ya Shimano. Haipakwi grisi ndani. Ikichoka unaitoa yote. Ni nzito kuliko zile zenye beringi nje ya fremu, ila kwa barabara zetu naichagua hiyo bila kusita.

Kabla ya kulipa, pima upana wa bomba la fremu pale ekseli inapopita. Nyingi ni milimita 68. Za Kiitaliano ni 70 na haziingiliani. Pima pia urefu wa ekseli ya zamani, ncha hadi ncha, la sivyo mnyororo utakaa upande.

Na tafadhali simama karibu na fundi. Kwenye 68 za kawaida, kikombe cha upande wa mnyororo hufunguka kwa kuzungusha kama unakaza nati ya kawaida. Akilazimisha kinyume, anaua thredi (mikato ya skrubu) za fremu. Wakati wa kufunga, thredi zipakwe grisi.