Maswali ya Wasomaji: Mrushaji Apige au Asipige?

SWALI: Mhariri nisaidie, niko Seattle na shemeji yangu ni mtu wa besiboli wa kufa mtu, kila tukikaa kuangalia mechi analalamika eti sheria ya DH (mchezaji maalum wa kupiga badala ya mrushaji) imeua mchezo, mrushaji asiyeshika gongo ni nusu mchezaji. Mi naona kumlazimisha mrushaji apige ni kama kumlazimisha kipa apige penalti kila zamu ikifika. Nani yuko sawa?

JIBU: Wewe, ila shemeji yako ana hoja moja nzito ntaifikia. Kwanza kulalamikia DH mkiwa Seattle kwenyewe ni vituko, barabara inayopita pale uwanjani kwenu ina jina la Edgar Martínez, na tuzo ya DH bora wa mwaka nayo ina jina lake, jamaa kazi yake ilikuwa kupiga tu.

Sasa hii kitu ilianzaje. Mwaka 1968 warushaji walitawala mpaka ikawa kero, mrushaji Bob Gibson alimaliza msimu na ERA (wastani wa pointi anazofungwa mrushaji kwa makosa yake kila ining, yaani vipindi, tisa) ya 1.12 na mpigaji bora wa American League (moja ya ligi mbili kuu za besiboli Marekani), Carl Yastrzemski, alichukua ubingwa wa kupiga na wastani wa .301 tu, yaani hiti tatu kila zamu kumi. Wakashusha kilima cha mrushaji toka inchi 15 hadi 10, haikutosha, 1973 American League wakaleta huyo DH, anapiga tu, halindi popote. National League, ile ligi ya pili, wakagoma karibu miaka 50 hivi, ukitoa 2020 ya korona, wakakubali 2022. Na si ajabu, msimu wa 2021 warushaji walikuwa wanapiga .110, zamu tisa hiti moja! Halafu wanaumia, mrushaji Adam Wainwright 2015 alikatika kano ya kisigino akiwa anapiga, siyo akirusha.

Hoja ya shemeji sasa. Zamani mechi ikiwa imebana, ining ya sita au saba kati ya tisa, mrushaji wako yuko moto, hafungwi, mara zamu yake ya kupiga inafika na kuna watu kwenye besi. Unamwacha apige hewa upoteze nafasi, au unamtoa uweke mpigaji? Na ukimtoa harudi tena, hapo unaanza kuomba Mungu na warushaji wako wa akiba. Kocha alikuwa anatoka jasho kweli, na mashabiki tunabishana mpaka kesho yake. Hiyo imeondoka, mi mwenyewe naikumbuka.

Akikutajia Shohei Ohtani, kwamba mbona yeye anarusha na anapiga, mwambie tangu 2022 mrushaji anayeanza mechi anaruhusiwa kuwa DH wake mwenyewe, akitolewa kilimani anaendelea kupiga, na ni Ohtani aliyewafanya waiweke. Na 2024 hakurusha kabisa sababu ya upasuaji wa kiwiko, akapiga homurani 54, akaiba besi 59, akachukua MVP (tuzo ya mchezaji bora) ya National League akiwa DH mwanzo mwisho. Kwa sheria anazozitaka shemeji, mwaka ule jamaa angekaa benchi.