Paipu ikipasuka usiku, ni ya nani?

Tulikuwa tumeshalala. Mlango ukagongwa kwa nguvu hata nikadhani kuna moto, na nilipofungua nilimkuta jirani, kanga yake imelowa hadi magotini. "Mwanangu, maji yanaingia kwangu. Ukuta unalia." Nyumba zetu zinashirikiana ukuta mmoja wa matumbawe, kama nyumba nyingi za hapa Lamu kuanzia Mkomani hadi Langoni. Niliweka kiganja juu ya ule ukuta upande wa ukumbini kwake. Ulikuwa baridi. Niru, ile lipu laini ya chokaa, imevimba kama unga uliotiwa hamira, na nilipoibonyeza kwa kidole ikabanduka, chokaa ikateremka na maji hadi sakafuni, nyeupe kama uji.

Tukaanza kutafuta koki. Nyumba ni ya marehemu babu, tumezaliwa humo watoto na wajukuu, na usiku ule hakuna aliyejua koki ya kufunga maji iko wapi. Mama ndiye aliyekumbuka: ilikuwa nje, kando ya mlango, kabla baraza haijajengwa upya. Fundi wa saruji alipiga lipu juu yake, nasi tukakalia baraza hiyo miaka yote bila kujua tumekalia nini. Maji yalimwagika mpaka karibu na alfajiri, yalipokatika yenyewe kwa sababu zamu ya mtaa wetu ilikuwa imekwisha.

Asubuhi nilikwenda ofisi ya maji nikiwa nimejaa hasira. Paipu iliyopasuka ilikuwa kichochoroni, nje ya nyumba, kwa hiyo sikuwa na shaka kwamba ni kazi yao. Fundi wao alikuja, akainama, akaifuata paipu kwa macho hadi mwanzo wa kichochoro ambako mita tano za kuhesabia maji zimefungwa pamoja ukutani. Akanionyesha yetu. "Mpaka hapa ni sisi. Kuanzia hapa ni nyinyi, bwana."

Niliumia, lakini alisema kweli, na hili ndilo ninalotaka kila mwenye nyumba alijue kabla halijamfika. Mpaka ni mita. Mlango wako sio mpaka, wala ukuta wako. Paipu kubwa ya mtaa, tawi linalotoka humo, koki iliyo kabla ya mita na mita yenyewe ni mali ya kampuni ya maji. Kuanzia nati ya upande wa pili wa mita, kila kitu ni chako: paipu, viungo, koki, tangi na mifereji. Katika mji wenye viwanja vipana mita hukaa kwenye ua wako, na jambo hili halimchanganyi mtu. Hapa kwetu vichochoro ni vyembamba, punda akipita na mzigo unabana ukutani, na mita huwekwa mahali msoma mita anapoweza kufika. Kwa hiyo paipu inaweza kutembea hatua thelathini kwenye njia ya watu wote na bado ikawa yako. Leo hii toka nje, itafute mita yako, uifuate paipu kutoka hapo hadi ndani. Ukiona inapita chini ya baraza ya mtu au ndani ya mtaro wa maji machafu, jua hilo ni jukumu lako.

Tena maji yaliyopita kwenye mita yamehesabiwa, yawe yaliingia kwenye ndoo au ukutani. Uniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Tundu dogo linalotoa lita moja kwa dakika, ambalo ukilitazama utaona si kitu, kwa siku nzima linamwaga lita 1,440. Hiyo ni mitungi 72. Hata kama maji huja nusu ya siku tu, kwa mwezi umepoteza zaidi ya uniti 21. Fikiria mama anayenunua maji kwa mtungi, uone ni mitungi mingapi hiyo. Na maji matamu ya mji huu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambako maji ya mvua yamekaa juu ya maji ya bahari kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Kila tundu tunaloliacha linafanya pampu zivute zaidi.

Kujua kama una tundu ni rahisi. Wakati maji yapo, funga mifereji yote, hakikisha tangi limejaa na boya limeziba, kisha nenda ukaangalie mita. Ndani yake kuna kigurudumu kidogo kinachozunguka maji yanapopita. Kikizunguka na mifereji yote imefungwa, maji yanakwenda mahali usipopajua. Lakini usiipime mita dakika ile maji yanaporudi baada ya mgao, kwa sababu upepo uliojaa kwenye paipu huisukuma pia. Subiri mifereji iache kutema.

Sasa nije kwenye jambo lililotutesa kuliko paipu yenyewe. Mita yetu ilikuwa moja, watumiaji nyumba tatu: sisi, ami yangu wa juu, na shangazi aliyegawiwa upande wa nyuma. Paipu moja ilitoka kwenye mita ikapasukia kabla ya kugawanyika. Ami akasema imepasuka mbele ya mlango wetu, kwa hiyo ni yetu. Shangazi akasema yeye hutumia ndoo mbili kwa siku. Na kampuni ilimjua mtu mmoja tu, babu, ambaye jina lake ndilo lililoko kwenye bili na yuko kaburini. Zilipita siku ambazo watu wa damu moja walipishana mlangoni kwa salamu fupi. Jirani alikuwa bado anakusanya chokaa sakafuni kwake.

Tulimaliza kwa kukaa ukumbini baada ya Isha, na maneno ya mama ndiyo yaliyotufungua: "Maji yalipokuwa yakija, hamkuuliza yanapita mlango wa nani." Tukakubaliana kwamba sehemu inayotumikia nyumba zote tatu italipwa na watatu sawasawa, na kuanzia pale paipu inapogawanyika kila mtu na lake. Tukaandika, tukatia sahihi. Kama mnashirikiana mita, msingoje ipasuke ndipo mkae kitako. Andikeni nani anakusanya pesa ya bili na nani anamwita fundi. Mkiweza, kila nyumba iombe mita yake. Na kama jina kwenye bili ni la marehemu, lishughulikieni pamoja na mirathi, maana siku ya kulalamika utaulizwa kitambulisho na karatasi za kuonyesha wewe ni nani kwenye nyumba ile.

Wapangaji nao: paipu za ukutani ni za mwenye nyumba, mfereji ulioung'oa wewe ni wako kuutengeneza. Yaandikwe kwenye mkataba kabla hujahamisha godoro.

Kuhusu koki, sina maneno ya kutosha. Weka ya kwako mara tu baada ya mita, na nyingine pale paipu inapoingia ndani. Dada yangu anayeishi Uingereza aliniambia kwamba huko kampuni humiliki paipu hadi koki ya mpakani, chini ya kifuniko kidogo kando ya njia, na ndani ya nyumba kuna koki nyingine, mara nyingi chini ya sinki la jikoni. Kila mtu wa nyumba anafaa aonyeshwe. Nasi tuwaonyeshe wake, waume, watoto na dada wa kazi. Izungushe kila baada ya miezi miwili, kwa sababu koki isiyoguswa hushikana, hasa kwa hewa yetu ya chumvi. Kama ni ile ya kuzungusha mara nyingi, si ya mkono wa kugeuza mara moja, ukiifungua mpaka mwisho irudishe robo mzunguko, haitakwama. Na ukibadilisha paipu, achana na za chuma ukutani. Yetu ilipochimbuliwa ilikuwa imelika, nyembamba kama ganda la yai. Tulitia za plastiki za kuunganishwa kwa moto.

Upande wa kampuni usiuguse. Fundi wako akikuambia atavunja sili ya mita "kidogo tu", mkataze, kosa litakuwa lako mbele ya sheria. Lakini ukiona kabla ya mita panavuja, usinyamaze kwa kuwa maji hayo hayahesabiwi kwako. Maji yakikatika, lile tundu hugeuka mdomo: paipu tupu huvuta kilichoko nje, na nje mara nyingi ni mtaro wa maji machafu. Ndivyo maradhi ya kuhara huingia kwenye kikombe cha mtoto. Piga ripoti, chukua namba yake, andika tarehe, piga picha. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inakupa haki ya maji safi na ya kutosha, na kampuni ikikupuuza ipo bodi ya kusimamia huduma za maji, WASREB, inayopokea malalamiko.

Ukuta wa jirani tuliulipia watatu. Fundi wa niru aliuacha ukauke kwanza, wiki baada ya wiki, ndipo akaanza kusugua. Na baraza tulilivunja upande mmoja, tukaweka kifuniko cha chuma chenye mshikio. Wazee wakija kukaa jioni, hukiachia nafasi.