Mwanafunzi Achague Lenzi kwa Kusoma Picha Zake

Mwanafunzi wa upigaji picha akikuuliza anunue lenzi gani, usikimbilie kumtajia jina. Mwambie afungue picha zake za karibuni kwenye kompyuta, mia mbili hivi, asome kwenye taarifa za kila picha ilipigwa kwa milimita (mm) ngapi za lenzi: namba kubwa huvuta karibu, ndogo huona upana. Zile alizozipenda zikiwa nyingi ni za 55mm, na bado amezikata pembeni ili mtu aonekane karibu, huyo anahitaji lenzi ndefu. Zikiwa nyingi ni za 18mm na watu wa pembeni wanakatika mabega, anahitaji pana.

Lenzi ya 18-55mm inayouzwa pamoja na kamera inatosha kabisa kufundishia. Aizungushe hadi 35mm, abandike selotepu kwenye pete ya zumu, apige wiki nzima bila kuibandua. Kisha apige uso wa mtu mmoja mara mbili, kwa 18mm na kwa 55mm, kila mara kichwa kijae fremu sawasawa. Kwa 18mm itambidi amsogelee sana. Pua itakuwa kubwa na masikio yatarudi nyuma. Hapo ndipo pa kumweleza kwamba kilichoharibu uso ni umbali aliosimama, lenzi imemlazimisha tu kusogea. Asipolielewa hili, atanunua lenzi nyingi bure.

Halafu kuna sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha. Kamera nyingi za wanafunzi zina sensa ndogo, inayoona eneo dogo kuliko sensa kubwa (full frame), kwa hiyo ili ulinganishe zidisha milimita kwa 1.6 kama ni Canon, kwa 1.5 kama ni Nikon, Sony au Fujifilm. Ile 50mm f/1.8 ambayo kila mtu anaisifu (f ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ndogo, tundu kubwa) inakuwa kama 80mm kwenye Canon. Ukisimama mita 3 kutoka kwa mtu, kamera ukiishika wima, unapata mita 1.3 tu za urefu wake: kichwa hadi magotini. Kwa studio ya chumba kimoja, 35mm inafaa zaidi.

Sifa ya f/1.8 ni mwanga: inaingiza karibu mara kumi ya f/5.6. Ukumbini usiku, penye kuhitaji ISO 6400 (ISO ni kiasi kamera inavyokuza mwanga, na ikiwa kubwa picha huwa na chembechembe), unashuka hadi ISO 640 hivi. Lakini kwa mita 1.5, sehemu inayoonekana kwa ukali, mbele hadi nyuma, ni kama sentimita 6 tu. Bibi harusi atatoka vizuri, bwana harusi aliye nyuma yake kidogo atafifia. Kwa watu wawili, rudi nyuma hadi mita 3 na ufunge hadi f/4.

Kabla ya kulipa, hakikisha lenzi inaelewana na kamera. Nikon D3500 na D5600 hazina mota ya fokasi ndani, hivyo lenzi ya Nikon ya aina ya AF-D, isiyo na mota yake, itaingia ila utafokasi kwa mkono. Tafuta AF-S au AF-P, zenye mota ndani yake. Lenzi za Canon EF-S, za kamera zenye sensa ndogo, haziingii kwenye 5D wala 6D, ambazo zina sensa kubwa.

Kwa lenzi ya mtumba, mulika tochi kutokea nyuma huku tundu likiwa wazi kabisa. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na pwani, iwe Dar, Mombasa au Unguja, unyevu huiotesha haraka. Iache. Angalia pia mafuta kwenye visahani vya tundu, vile vipande vyembamba vinavyolifungua na kulifunga, maana huvifanya vijifunge polepole na picha kutoka nyeupe kupita kiasi. Mwisho piga ukuta wa matofali ukiwa umeukabili moja kwa moja, kwa namba ya f iliyo ndogo kabisa, yaani tundu wazi kabisa: kona moja ikififia kuliko nyingine tatu, huenda lenzi imeshaanguka.