Muulize Mwalimu: Wahafidhina ni kina nani?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Kwa kinyozi wetu hapa Umoja, runinga ikitaja chama cha kihafidhina cha Uingereza, mabishano huanza. Mmoja husema ni chama cha matajiri, mwingine husema ni cha wanaokataa mabadiliko. Ukweli ni upi? Na Kenya tunacho?
— Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Sijambo, ndugu yangu. Huyo wa matajiri hajakosea sana: wenye mashamba makubwa na kanisa ndio waliokuwa nguzo zake za kwanza, na hadi leo hupenda kuhubiri kodi ndogo. Huyo wa pili ndiye ninayembishia. Mwaka 1834 Robert Peel, kiongozi wa chama hicho, aliwaandikia wapiga kura wake wa Tamworth kwamba anayakubali mageuzi ya uchaguzi ya 1832, ambayo yeye mwenyewe aliyapinga bungeni. Kwake, penye kasoro parekebishwe, penginepo paachwe palivyo. Kazi ya chama cha aina hiyo ni kumuuliza mwenye haraka: huo ukuta unaobomoa ulikuwa umeshikilia nini?

Na wakati mwingine hutangulia mbele. Kansela Bismarck wa Ujerumani, mhafidhina kwelikweli, ndiye aliyeleta bima ya afya ya wafanyakazi mwaka 1883, akitaka kuwanyang'anya wasoshalisti wafuasi. Kwa hiyo ukinung'unikia yale makato ya asilimia 2.75 ya SHIF, bima yetu ya afya, usiwalaumu wakomunisti peke yao.

Sisi Wakenya tunawajua wahafidhina kwa sura mbili. Chama hichohicho cha Uingereza kilikuwa madarakani hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, na kilikuwa bado madarakani bendera yetu ilipopandishwa Nairobi, 12 Desemba 1963. Si huruma iliyowabadilisha. Walipiga hesabu.

Kuhusu Kenya, wahafidhina tunao tele. Chama chao ndicho nisichokiona. Vyama vyetu hufuata mtu na ngome yake, na ukifuta majina kwenye manifesto hutajua ipi ni ya nani. Kumbuka kura ya maoni ya 2010. Makanisa mengi yalipinga rasimu ya katiba kwa sababu ya utoaji mimba na mahakama za Kadhi. Upande huohuo wa Hapana walikuwepo William Ruto, wakati huo mbunge wa ODM, na Rais mstaafu Moi wa KANU. Ndiyo ikashinda, na siasa zikarejea palepale: nani ataungana na nani uchaguzi ujao.